Ukurasa Unasema Leo Hazikauki

Tarehe 6 Novemba

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila mgongo wangu umeanza kudai kustaafu kabla yangu. Dada yako anakusalimu, anasema umemsusa.

Ule ukurasa wa tovuti ulionitengenezea unaniharibia kazi ya udobi. Ulisema utachukua hali ya hewa wenyewe, muda ule ule, na kuwaambia wateja kama nguo wakizileta asubuhi zitakauka jioni. Leo jua linaunguza mpaka vibanio vya nguo havishikiki, lakini ukurasa umeandika: "Mvua. Leo hazikauki." Jana hivyo hivyo. Wateja wanachungulia simu, wanapeleka mafurushi kwa jirani mwenye mashine. Hata mwenye nyumba ya wageni anasitasita na mashuka yake, na akiondoka huyo mimi nimekwisha.

Halafu barua zako siku hizi ni "mimi mzima" tu. Unakaaje huko? Chumba kikoje? Nimekuuliza mara ngapi?

Mama yako

Tarehe 7 Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na mgongo. Mimi mzima, chumba kizuri, hali ya hewa kama ya huko tu. Usiwe na wasiwasi.

Nadhani simu yako inakuonyesha nakala ya zamani iliyojiwekea. Ufunge ukurasa, uufungue upya.

Mwanao

Tarehe 9 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Nimefunga, nimefungua, nimezima simu na kuiwasha, dada yako ameipiga kofi. Bado mvua. Nguo zangu za asubuhi zimekauka kabla sijanywa chai.

Mama yako

Tarehe 12 Novemba

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, na mwambie dada aiache simu. Skripti yangu, ile programu inayoendesha ukurasa, ina nywila ya kuombea data kwa watu wa hali ya hewa. Nilihisi imeisha muda, nimeweka mpya. Ikishindikana, niandikie unachokiona, neno kwa neno.

Mwanao

Tarehe 13 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Imeshindikana. Neno kwa neno: "Mawingu. Upepo mkali. Nyuzi tatu. Leo hazikauki."

Nyuzi tatu ndiyo nini? Nimemuuliza fundi friji hapo jirani. Amecheka, akasema hapo ndipo maziwa yanapokaa vizuri.

Mwenye nyumba ya wageni amenipa mpaka mwisho wa wiki. Fanya haraka, baba.

Mama yako

Tarehe 14 Novemba

Mama,

Shikamoo. Nimeipata, na nimejicheka peke yangu. Sikuandika mji wenu kwenye skripti, niliiachia itafute yenyewe mahali ilipo. Kumbe haikai kwenye simu yako. Inakaa kwenye laptopu yangu kuukuu, hapa chumbani, inayowaka kutwa kucha. Kila mteja akifungua ukurasa, inapima hali ya hewa ya hapa na kumjibu ya hapa.

Nimeshaandika mji wenu. Sasa inasema jua, nyuzi thelathini na moja, zinakauka. Niombee radhi kwa mwenye nyumba ya wageni.

Mwanao

Tarehe 29 Novemba

Mwanangu,

Natumaini u mzima, ingawa neno hilo kwako siliamini tena.

Ukurasa umepona. Mashuka yamerudi, na jirani mwenye mashine ananisalimia kwa kununa. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na hasira, halafu hasira ikaisha nikalia.

Umesema laptopu inajibu ya hapo ilipo. Basi zile nyuzi tatu ni zako. Wewe ndiye unayekaa na maziwa, na ukaniandikia "kama ya huko tu". Nimekutumia sweta kwa mtu anayesafiri kuja huko.

Sasa nikifungua ukurasa naona jua. Jua naliona hata bila simu. Ile mvua iliyonifukuzia wateja ndiyo habari pekee ya kweli niliyopata kutoka kwako mwaka huu, na umeifuta.

Mama yako

Tarehe 4 Desemba

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako.

Ni kweli. Kipasha joto cha chumba kimekufa tangu baridi ilipoanza, na mwenye nyumba wangu kila nikimwambia ananijibu kesho. Nalala na koti. Laptopu naiweka miguuni, kwa sababu kila ukurasa ukifunguliwa inafanya kazi na kupata joto, na ndiyo maana siizimi. Sikutaka kukuongezea mzigo juu ya huo mgongo. Kazi ninayo na chakula nakula, hayo sikudanganya.

Fungua ukurasa, utazame chini kabisa. Nimeongeza mstari wa hali ya hewa ya huku kwangu. Unajiandika wenyewe, siwezi kuupamba.

Mwanao

Tarehe 11 Desemba

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, marahaba tena. Mgongo una nafuu.

Mwenye nyumba ya wageni ameuliza ule mstari wa chini ni wa mji gani. Nimemwambia si mji, ni mtoto wangu. Tangu hapo akileta mashuka anaanza kwa kuuliza habari zako.

Leo mstari wako umeandika theluji. Sweta imefika? Ivae, usiitunze. Na huyo mwenye nyumba wako umsumbue mpaka achoke.

Nimewaambia wateja wote waufungue ukurasa asubuhi, mchana na jioni, hata wasio na nguo chafu. Fundi friji naye anaufungua, na dada yako hauachi. Miguu yako ipate joto.

Mama yako