Mjerumani, Mbwa Wake na Sisimizi Wako

Mama yangu mpenzi,

Huko uliko kaa vizuri, maana leo nina maneno mpaka yananibana kifua. Mjukuu wako, huyu niliyempa jina lako, amerudi kutoka hospitali. Sasa hivi anakunywa uji na kulalamika kwa Kiingereza kwamba hauna sukari. Nimecheka mpaka nimelia.

Unakumbuka wale sisimizi? Baba alizoea kukojoa pale ukutani mwa banda la kuku, nawe ukawaona wamejazana mahali palepale kila asubuhi. Ukamwambia, "Baba Neema, mkojo wako una sukari. Twende hospitali." Akakujibu, "Siku hizi kazi yako ni kunichungulia?" Mashangazi walikucheka wiki nzima. Hukukoma. Ulimganda mpaka akaenda, na dawa ikampa miaka ya kutosha kunisindikiza uwanja wa ndege.

Mimi huku Wheaton, Marekani, nikayasahau yote hayo. Choo kiko ndani, ukimaliza unavuta maji, hakuna sisimizi wa kukuambia kitu. Mtoto ana miaka saba, kukojoa kitandani aliacha zamani, akaanza tena. Nikafanya kama tulivyofanyiwa sisi. Godoro nikalianika kibarazani majirani wanaona, na ikifika saa kumi na mbili jioni, hakuna kunywa maji tena. Siku ya nne alinijia midomo imemkauka. Mtoto ambaye nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, siku hiyo alisema, "Mama, naomba maji." Nikamnyima.

Kesho yake, Jumamosi, nilikuwa mezani najisomea masomo yangu ya uuguzi, nikafika kwenye habari za daktari mmoja Mjerumani wa zamani. Alimtoa mbwa kongosho ili aone kama mnyama ataishi bila kiungo hicho. Mbwa akaishi, ila inasimuliwa kwamba akawa anakojoa sakafuni kila mara, naye alikuwa amefundishwa kutoka nje. Mwingine angemchapa. Huyu akaupima ule mkojo, akakuta sukari. Ndiyo watu wakaanza kujua ugonjwa huu wa kisukari unatokea wapi, na Mjerumani mwenyewe akajaliwa kuishi mpaka akaiona insulini, dawa yake, ikipatikana kwa mikono ya wengine.

Nilipofika hapo pa mbwa aliyekuwa amefundishwa, nikakuona wewe umeinama ukutani mwa banda. Kitabu nikakiacha wazi. Nikambeba mtoto, hata viatu sikumvisha. Hospitali wakamtoboa kidole, muuguzi akakitazama kipimo, akaacha kuongea nami akawaita wenzake. Baadaye daktari aliniambia, "Ungesubiri mpaka Jumatatu, leo tungekuwa tunaongea mengine."

Lakini sikusubiri, Mama. Yupo. Ameshajua kujitoboa kidole mwenyewe, na anakisoma kipimo kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Natamani ungemsikia. Nilimwomba radhi kwa yale maji, akaniambia nisilie, machozi yangu yatautia uji chumvi.

Bilauri imejaa kando ya kitanda chake, na ninayeijaza ni mimi.

Lala salama, Mama. Nisalimie Baba. Mwambie siku zile ulikuwa unamchungulia kwa ajili ya mjukuu wake.

Mwanao,
mama wa wajina wako