Suruali Isiyo na Mkanda

Mama watoto,

Natumaini wewe na mama mkwe hamjambo. Bomba la jikoni nimelitengeneza, ila jogoo wa jirani bado ana kiherehere kilekile.

Jumanne nilifikishwa mbele ya mkuu wa kituo. Kosa, kulala lindoni. Unajua utaratibu wetu, mshtakiwa huvuliwa kofia na mkanda. Tangu uondoke nimekonda, basi nikasimama mguu sawa huku nimeshika suruali isinidondoke. Usicheke.

Aliyedai amenikuta nimelala ni mkuu mwenyewe. Aliyeketi kunihukumu, yeye pia. Nikaomba aitwe mwenzangu wa zamu, aseme kwamba tulikuwa macho.

"Koplo, usinipotezee muda," akanijibu. Karatasi ya adhabu ilikuwa mezani, imeshatiwa sahihi.

Damu ilinichemka. Halafu nikakukumbuka siku ile jikoni, mwiko mkononi, ukisema, "Baba watoto, nisikilize kwanza." Mimi nilikuwa nimeshayaamini maneno ya dada yangu dhidi yako, na mkoba wako nimeshautoa nje.

Nilikata rufaa. Makao makuu wameagiza nisikilizwe upya na afisa mwingine, shahidi wangu akiwepo. Nimefurahi, lakini chakula bado hakipiti.

Rudi, mke wangu. Sisemi nimekusamehe, maana hata sijui kama ulikosa. Njoo useme yako yote. Nitakaa kwenye kigoda cha jikoni, na sitafungua mdomo hadi uniambie umemaliza.

Mumeo,
ambaye bado ameshikilia suruali