Gunzi la Nne

Mpendwa baba,

Nakuandikia nikiwa ndani ya basi hapa stendi ya Kasulu. Abiria bado hawajajaa. Zamani ningekupigia wewe kwanza. Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike, na namba yako bado sijaifuta.

Unakumbuka baraza ya nyumba yetu ya walimu kule Murungu, msimu wa mahindi? Ulinifundisha vekta kwa magunzi. Moja ulililaza kuelekea mashariki, la pili kaskazini, la tatu ukalisimamisha ndani ya kopo. Ukasema vekta ni namba zilizopangwa tu, kila moja na upande wake, na kuikanusha ni kugeuza kila gunzi litazame kinyume. Nikageuza. Lile la kwenye kopo nikalipindua kichwa chini, ukacheka. Nikauliza, "Na yakiwa manne, baba, la nne litakaa wapi?" Ukalificha moja mgongoni.

"Hulioni, lakini nalo lina upande. Ligeuze vilevile."

Nilidhani unanitania. Baba, nililisahau.

Siku hizi niko kwenye karakana ndogo inayotengeneza mashine za kuwapa joto watoto njiti. Mimi ndiye mwandishi wa programu. Niliandika maktaba yetu ya hesabu, yaani vipande vya programu ambavyo wenzangu huvichukua na kuvitumia bila kuvifungua. Kimojawapo kinaitwa kanusha. Mashine hupima imekosea kiasi gani, kanusha hugeuza kosa hilo, na hayo ndiyo marekebisho: joto likizidi lipunguzwe, likipungua liongezwe. Vipimo vilikuwa vitatu: hewa, unyevu na godoro. Nikageuza cha kwanza, cha pili na cha tatu, kila kimoja kwa mstari wake, nikafunga kazi. Juu yake nikaandika kwa maringo kwamba inapokea vekta ya urefu wowote. Na kweli iliipokea. Cha nne ingekipitisha kama kilivyo, bila hata kulalamika.

Mwezi uliopita wenzangu waliongeza kipimo cha nne kwenye mashine moja: joto la ngozi ya mtoto. Tuliijaribu kwa chupa ya maji vuguvugu, tukaona namba zinasomeka, tukapiga makofi. Ikapelekwa zahanati moja upande wa Kibondo.

Najua umeshaelewa. Ngozi ikipata moto, mashine inaongeza moto.

Asubuhi hii nesi wa huko alinipigia. "Yewe dada, hii mashine yenu ina nini? Mtoto anachemka, nayo ndiyo kwanza inazidi!"

Nikamwambia azime, amtoe mtoto.

"Ego, ndiyo, tumeshazima. Mama yake ndiye aliyeshtuka. Kamtoa mwenyewe, kamweka kifuani."

Nikafungua kile kipande huku bado anaongea. Mistari mitatu tu.

Kukirekebisha hakukunichukua hata nusu saa: pita kila kipimo, hadi cha mwisho, ukigeuze. Nimejaribu kwa namba moja, nne, tisa, hata orodha tupu. Mkuu wangu akanitazama akasema, "Tuma hayo marekebisho, waambie ni umeme. Umeme wa huku nani haujui?" Nakiri nilivutiwa. Uongo huo ungeaminika kabla sijaumaliza.

Ila nilikukumbuka ile siku uliyomsahihishia vibaya mwanafunzi mtihani. Mvua ilikuwa inanyesha, mama akakusihi usubiri mwanafunzi aje shule. Ukavaa mabuti uende kwao. "Kosa ni langu, litembee kwa miguu yangu." Ulirudi umelowa chapachapa, ukaomba chai.

Kwa hiyo naenda, lakini naogopa. Wewe ulipeleka alama za mtihani, mimi napeleka nini? Naogopa kufika nikute kile kifua hakina mtoto. Nimempigia tena nesi. "Bado ana joto, ila ananyonya kidogo. Njoo. Mama yake anataka kukuona." Sikuthubutu kuuliza anataka kuniona kwa lipi.

Nesi anasema mama huyo ni mkulima. Habari za programu nitamweleza hadi lini? Mwanamke anayechoma mahindi hapa stendi nimemwomba magunzi manne. Amenipa huku akicheka, akidhani nina wazimu. Nitayapanga mbele ya yule mama. Matatu nitayageuza. La nne nitamwonyesha lilivyobaki, nimwambie mimi ndiye niliyeliacha. Kisha aseme yeye.

Dereva amewasha gari. Kaa nami karibu, baba.

Mimi binti yako,
niliyeliona la nne nikiwa nimechelewa.