Kaa la Udi Ndani ya Aspirateri

Mpendwa Bi Radhia wa redio,

Salaam nyingi. Naomba msaada wako, na naomba kwanza usicheke, kwa sababu kila niliyejaribu kumweleza habari hii nimeona mdomo unamcheza kabla sijafika katikati, na mimi mwenzako hata chakula hakipiti.

Mimi ni mke wa mtu hapa Buyenzi, mume wangu Nasor ana garage ya kutengeneza magari, na sebuleni kwetu kuna zulia kubwa la Maskati, alilotuletea ami yake mwaka tuliooana, limeenea ukuta hadi ukuta, na mama mkwe wangu Bi Sumaya, ambaye tunaishi naye, ana pumu, nikifagia anakohoa, nisipofagia anasema nyumba ina vumbi, na vumbi la Buyenzi wewe mwenyewe unalijua, basi mwaka jana daktari akasema ufagio ukome, tutafute mashine ya kufyonza vumbi, hii tunayoiita aspirateri. Nasor akaenda kwa rafiki yake Népomuscène, fundi wa mafriji, ambaye alikuwa nayo moja ya kijani aliyoachiwa na Mzungu aliyehama kwa sababu ya vita, akatuuzia kwa bei ya kirafiki, na siku ya kwanza nilipoiwasha ilinguruma hivi kwamba majirani walilala chini wakidhani ni helikopta, mama mkwe akaingia chini ya meza na tasbihi yake, lakini baada ya wiki watu walizoea, zulia likang'aa, pumu ikatulia, alhamdulillahi.

Sasa kosa langu ni hili. Mwezi uliopita wanawake wenzangu walikuwa waje kwangu kusoma maulidi, nikawasha udi kwenye chetezo, nikapita nacho kila kona, kaa moja likadondoka, Bi Radhia, kaa jekundu kabisa, juu ya zulia la Maskati, maji nikaogopa kumwaga kwa sababu rangi yake inachuja, na aspirateri ilikuwa bado imechomekwa ukutani, nikafanya nini? Nikalifyonza. Zulia lilipona, halina hata alama. Lakini mfuko wa ndani ulikuwa umejaa vumbi la wiki mbili, ukashika moto, moshi ukatokea nyuma, na moshi wenyewe unanukia vizuri ajabu, wageni wanaingia wanasema mashallah, leo umefukiza udi wa wapi huu, mimi natabasamu huku mashine inakufa nyuma ya mlango.

Jioni Nasor akauliza mashine ina nini, mdomo ukasema, "Imejizima yenyewe tu, mi sijaigusa." Akatoka kwa hasira mpaka kwa Népomuscène, Buterere, akamwambia mbele ya watu, "We, mutu wangu wa miaka yote, umeniuzia kitu mubovu!" Mwenzake akajibu, "Apana, Nasor, ilikuwa muzima kabisa. Ilete basi niifungue, nione panne iko wapi, nini kimeharibika." Na mimi, Nasor aliporudi kuichukua, kwa sababu ikifunguliwa kaa litaonekana, nikasema nimeshampa mtu wa vyuma chakavu, na si kweli, iko chini ya kitanda, imefungwa kwenye kanga.

Sasa ni wiki ya nne hawasemezani. Hawa ni watu ambao, risasi zilipolia Gasenyi, alikokuwa akikaa wakati ule, Népomuscène alikuja kwetu na mke na watoto wanne, wakakaa miezi mitatu, wakilala juu ya zulia hilohilo, na wako waliomwuliza Nasor kwa nini anamweka ndani mtu wa kabila lile, naye akawajibu mlangoni, "Ni ndugu yangu, muende zenu." Leo akimwona mjini anavuka barabara.

Nimefikiria nifanye hivi: ninunue aspirateri nyingine kimyakimya, niseme ile ya kwanza imepona, na hasira itaisha. Dukani nimeona nyekundu nzuri yenye mifuko ya karatasi. Herménégilde naye, anayeuza vitu vya hoteli iliyofungwa, ana moja kubwa kama pipa. Nichague ipi iliyo nzuri na ya bei nafuu? Na tafadhali, jina langu usilitaje.

Mimi, Mwenye Zulia, Buyenzi.

BI RADHIA ANAJIBU

Mwenye Zulia, nimecheka. Nimecheka mpaka Marcellin, fundi mitambo wetu, akagonga kioo kuniuliza kama nimepatwa na kitu. Nisamehe, mama, lakini mtu aliyefyonza kaa la moto ameomba mwenyewe kuchekwa.

Nianze na mashine, maana ndilo uliloniuliza, na mama mkwe wako ni lazima apumue hata kama mumeo na rafiki yake wamekorofishana. Ile nyekundu ya dukani iache. Mfuko wa karatasi ukijaa unatupwa, na kwa vikwazo hivi tulivyowekewa, bidhaa haziingii nchini, mwingine utaupata wapi? Utabaki na sanduku jekundu la kuwekea vitambaa. Pipa la Herménégilde nalo liache, lilitengenezwa kwa korido za hoteli. Ukiliwasha Buyenzi fusible yako ya umeme itaruka, na ya jirani pia. Tafuta ya wastani, yenye mfuko wa kitambaa unaofuliwa na kuanikwa, na brashi pana ya zulia. Muuzaji asikuoneshe inavyovuta vipande vya karatasi, hivyo hata mimi nikivuta pumzi vinakuja. Nenda na mchanga kidogo wa ziwani na nywele za kichanani kwako, vimwage kwenye zulia lake, umwambie, haya, fyonza. Ziba bomba kwa kiganja uone kama linakushika kweli. Iache ingurume dakika kumi, kisha gusa mgongo wake, na ukikuunguza mwachie mwenyewe. Na majivu ya chetezo, mama, yangoje mpaka kesho yake! Kaa likianguka litoe kwa koleo, huna koleo chukua kijiko. Bibi zetu walifukiza udi mji huu miaka yote na hawakuwa na umeme.

Haya, aspirateri nimemaliza. Sasa wewe.

Unataka kumwambia mtu anayefungua injini kutwa nzima kwamba mashine ya kijani ilikufa, ikauzwa chuma chakavu, ikarudi nyumbani imepona na rangi mpya? Nasor unamwona ni mtu wa namna gani? Na tuseme amekubali. Népomuscène je? Zulia litakuwa safi, mama mkwe atapumua, wewe utapokea wageni, na yule atabaki Buterere akijulikana kama mtu aliyemuuzia rafiki yake kitu kibovu. Ameomba jambo moja tu, aifungue aangalie. Umemnyima.

Kwenye ile miezi mitatu ndipo nilipoacha kucheka. Mji huu, miaka hii, ni wangapi waliobaki na rafiki wa aina hiyo? Wangapi waligongewa mlango wakasema simjui? Mumeo alisema ni ndugu yangu, akaweka shingo yake, na wewe kwa ajili ya aibu ya kaa moja unakaa unaangalia anavuka barabara. Nimekukasirikia, na nakwambia mbele ya watu kwamba nimekukasirikia.

Kwa hiyo hununui kitu. Sikia vizuri: hununui chochote, bado. Mfuko ulioungua unashonwa mwingine kwa kitambaa kizito, fundi yeyote wa cherehani atakushonea. Mota huenda ilijizima kwa joto tu, na anayeweza kukwambia ni mtu mmoja, yule anayeijua. Utamwambia Nasor neno kwa neno, bila kumtia umeme hatiani wala Mzungu aliyehama. Kisha mtakwenda Buterere wote wawili, na mashine utaibeba wewe. Huko utasema "nilidanganya" mbele ya watu walewale waliosikia anatukanwa, na Nasor ataomba radhi yake mwenyewe. Ikishindikana kutengenezwa, ndiyo mtakwenda dukani na mchanga wenu, na Népomuscène awachagulie.

Limebaki moja. Umeniomba nifiche jina lako, nimelificha. Lakini barua yako ina garage, ina Maskati, ina pumu, ina maulidi, na mumeo umemtaja kila mstari, nami nimeisoma kama ulivyoiandika. Hakuna garage Buyenzi isiyofungua redio saa hii. Nadhani kuna mtu sasa hivi anapangusa mikono yake mafuta na wenzake wote wanamtazama. Usimngoje nyumbani. Itoe ile mashine chini ya kitanda, ushike njia ya garage, mkutane hukohuko katikati, na uanze kusema wewe kabla yake.

Marcellin, weka ile taarabu ndefu, ya robo saa. Na wewe mama, vaa viatu.