Mshumaa Usiowashwa na Mtu

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimemtia mama dawa ya macho, nimemwekea chai kwenye chupa, nimetoka. Sikumwambia nakwenda hekaluni. Nimesema nakwenda kwa Dilini. Si uongo.

Dilini ni muuguzi pale kliniki ya meno, mimi nipo mapokezi. Mdogo wake wa kike, Nilu, aligongwa na gari akafa, akivuka barabara hapa hapa Mawaleh, Muscat. Leo walikuwa wanamfanyia ibada ya miezi mitatu. Mama yao yuko Sri Lanka, hawezi kusafiri. Dilini aliniomba nije na kamera nipige picha za kumpelekea huyo mama.

Hekalu lenyewe ni chumba cha juu kwenye nyumba ya kupanga, Wadi Kabir. Ukiwa nje huwezi kujua. Viatu vinaachwa mlangoni, kama msikitini kwetu. Ndani sanamu la Budha, maua, watu wamevaa nyeupe wamekaa chini. Mtawa mzee alisoma muda mrefu. Kisha taa zikazimwa. Mmoja mmoja akaja, akawasha mshumaa, akauweka mbele ya picha ya Nilu. Picha ndogo, kwenye fremu ya plastiki.

Nilimjua kidogo. Alikuja kliniki mara moja kwa jino, akaondoka anacheka nusu mdomo kwa ganzi. Kwenye fremu anacheka mdomo mzima.

Nimebana pumzi kila nilipobonyeza. Picha moja ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nilijua pale pale. Nikafurahi. Kisha nikaona haya.

Jumapili, 5 Oktoba

Dilini kaulizia picha. Nimemwambia bado nazisafisha.

Zimeshasafishika. Nataka wenzangu wa klabu ya wapiga picha waione kwanza ile moja.

Jumanne, 7 Oktoba

Klabuni, Qurum. Zamu yangu ya kukosolewa.

Ustadh Saif, mwalimu wetu, kaiangalia ilivyomulikwa ukutani mpaka nikataka kuizima. Kisha akasifu. Moto haukuungua ukawa doa jeupe, kila ulimi unaonekana. Giza lina uzito. Mikono ya yule mwanamke anayewasha, mashaallah. Miaka yote hajawahi kunisifu hivyo.

Halafu akanyanyuka, akaweka kidole ukutani, juu ya uso wa Nilu.

"Hii inakuharibia. Plastiki, inang'aa. Jicho linakwenda hapa badala ya kwenye moto. Itoe."

Nikasema huyo ndiye aliyekufa, ndiye wanayemwombea.

"Mtazamaji hamjui. Khalas, basi, itoe, nami nakuwekea ukuta wa mbele kwenye maonyesho yetu."

Wote wakaafiki. Hata mimi nikatikisa kichwa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemtoa.

Haikuchukua muda. Nimeizungushia fremu mstari, nimebonyeza, kompyuta ikafikiri kidogo, hayupo. Mahali pake imejaza mshumaa. Mimi sikuiambia iweke mshumaa. Imetazama ile mingine ikabuni wake.

Picha imekuwa nzuri zaidi. Hilo ndilo linaloniudhi.

Nimemtumia Ustadh. Kajibu kwa neno moja: kamili.

Alhamisi, 9 Oktoba

Daktari wetu kapata habari ya maonyesho, kaitangaza kliniki nzima. Dilini kanikumbatia mbele ya wagonjwa. Kasema, kwa Kiarabu chake cha kazini, Nilu alikuwa akisafisha nyumba za watu Muscat hii, sasa watu wa Muscat watakuja kumtazama ukutani.

Hapo ndipo pa kusema. Simu ililia, nikaipokea.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sipati raha na kompyuta. Nikiizima, kwenye kioo cheusi naona sura. Najua ni yangu. Natazama tena.

Nilikwenda sokoni kununua ndizi. Msichana mbele yangu, nywele ndefu, anavuka barabara bila kuangalia. Nimepiga kelele. Akageuka. Mfilipino. Kanishangaa.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimekwenda kuichukua kwa mchapaji. Kubwa, kama mlango uliolazwa. Kwenye kompyuta sikuona. Kwenye karatasi naona.

Mshumaa ule hauna utambi. Moto umesimama juu ya nta tu, haukushika kitu. Mishumaa mingine yote inamulika ukuta nyuma yake. Huu haumuliki chochote. Nyuma yake kuna giza lenye umbo. Mraba. Naapa ni mraba.

Mchapaji kasema haoni kitu. Nimemwomba atazame tena. Katazama kwa adabu.

Dilini kasema Alhamisi atakuja kwenye maonyesho na wenzake wa hekaluni. Wameomba ruhusa makazini. Nikamwambia foleni itakuwa mbaya. Akacheka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Walikuja wanane, wote wamevaa nyeupe. Nilikuwa nimesimama na Ustadh, watu wananipa mikono.

Nikawaona wanasimama mbele ya picha. Wanatabasamu, wananyoosheana vidole: huyu wewe, huyu mimi. Kisha wakaanza kutafuta. Nimeona namna wanavyotafuta. Kushoto, kulia, chini. Mmoja akainama kutazama pembeni ya fremu, kama labda amejificha nyuma.

Dilini hakutafuta sana. Alijua mahali pake. Nilipomfikia alikuwa ameelekeza kidole kwenye ule mshumaa.

"Huu kawasha nani?"

Nikautazama na mimi.

"Nilu alikuwa hapa," akasema. Si kwa hasira. Kama anamwelekeza mgeni njia.

Nikasema mwalimu alishauri, nikasema mng'ao, nikasema jicho la mtazamaji. Nilijisikia ninavyosema. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza wagonjwa. Kisha akawaambia wenzake kitu kwa lugha yao, na tabasamu zikawapotea mmoja mmoja. Wakaondoka. Chai hawakuigusa.

Ustadh akauliza wale nani. Nikamwambia, ndio wenye mishumaa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimemwambia mama yote, hekalu na kila kitu. Nilitegemea atanigombeza kwa hekalu. Hakuligusa.

"Mama wa yule mtoto kaiona?"

Nikasema bado, hakuna picha hata moja niliyompa Dilini.

"Hata moja? Mimi nnakwambia, Rahma, angelikufuta mtu wewe, ningelimtafuta na macho yangu haya mabovu."

Akarudi kwenye chai yake. Nimelia jikoni.

Nimempelekea Dilini picha zote kama zilivyotoka kwenye kamera. Nimeandika nisamehe. Alama kwenye simu zinaonyesha kasoma.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimekwenda ukumbini kuishusha. Ustadh Saif kasema maonyesho hayafanyiwi hivyo, ukuta wa mbele hauwezi kubaki mtupu. Kasema nina kipaji lakini nina moyo laini. Kasema kila mpiga picha hutoa kitu, hata kwa kugeuza kamera tu unamtoa mtu.

Pengine ni kweli. Nikamwambia mimi nilimkuta pale, wenyewe wamekusanyika kwa ajili yake, nikamtoa.

"Ukiishusha, sitakuweka tena ukutani."

Nimeishusha. Nzito, imenikwaruza mkono. Hakuna aliyenisaidia, hakuna aliyenizuia.

Nimeichana kwenye gereji ya nyumbani. Ule mshumaa ulibaki mzima kwenye kipande kimoja. Nikakichana na hicho.

Jumapili, 19 Oktoba

Dilini kazini. Kanisalimia kama anavyomsalimia mtu anayetuletea maji. Siku nzima anaita majina ya wagonjwa, hanitazami.

Usingizini namwona Nilu mapokezi, shavu limevimba, namtafuta kwenye kompyuta na jina halipo. Anasubiri. Hakasiriki. Afadhali angekasirika.

Jumatano, 22 Oktoba

Dilini kaja kwenye meza yangu mchana, kliniki tupu. Kasimama. Kasema mama yake kaziona picha.

Mama kasema ile yenye mishumaa ni nyeusi mno. Anaona moto mwingi, mtoto wake hamwoni vizuri. Anauliza kama fundi anaweza kuiweka nyeupe.

Nikasema naweza. Dilini kasema, "Haya." Hakukaa. Lakini alisema "haya".

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimeifanya alasiri, mama kakaa pembeni yangu na tasbihi yake. Nimefungua ile ya asili, nikaanza kuongeza mwanga. Giza likawa kijivu. Ukuta ukaonyesha nyufa, waya wa feni, kalenda. Ndimi za moto zikaungua moja moja mpaka zikawa madoa meupe. Mikono ya yule mwanamke ikapauka. Nikaendelea.

Uso ukatoka polepole. Nywele kwanza, kisha meno. Ana kidoti chini ya jicho la kushoto. Sikuwahi kukiona, hata alipokuwa hai mbele yangu.

Mama kasogea karibu na kioo.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mdogo hivi," akasema.

Nimeituma.