Taa Yenye Akili

Jumanne, 3 Machi

Mwezi umejaa. Mashua zote za hapa Sori, kando ya ziwa, ziko juu ya mchanga, wanaume wanashona nyavu na kusengenya. Siku za mwezi omena, dagaa wetu hawa wadogo, hawaji kwenye taa. Nimezitoa taa zetu nizikague. Betri zimevimba, moja imetoa maji ya kijani. Taa zote nimezitupa nyuma ya choo. Bila taa hakuna omena, na giza, zile wiki za usiku bila mwezi, liko njiani.

Okech amezitazama pale nilipozitupa. Akasema giza likiingia bila taa yeye anaenda Remba, kuna tajiri kisiwani anatafuta wavuvi. Amesema polepole, huku anakula. Ni mwanangu wa pekee na ndiye anayeongoza mashua yangu. Baba yake naye alienda Remba kwa giza moja tu. Amezaa huko. Siandiki zaidi.

Jumatano, 4 Machi

Shemeji Ouma amekuja kutoka Migori. Ni mdogo wa mume wangu, ana kibanda cha simu karibu na stendi, basi anajiona waziri wa biashara ya nje. Anasema dukani Migori taa ni bei ya mbuzi, tuagize ng'ambo kwa simu. Amenionyesha masoko matatu humo ndani.

La kwanza lina gurudumu linalozunguka. Linakupongeza kabla hujafanya lolote. Nimeshinda, linasema. Nimeshinda nini, mimi niliyekuwa nachambua mboga? Ukitaka punguzo zaidi lazima uwasumbue marafiki wabonyeze. Ouma amewatumia wanakwaya wote. Pasta naye amebonyeza. Aibu.

La pili ni la kijani. Bei iko chini hadi ufike kulipa, ndipo nauli inajitokeza kama shemeji wakati wa chakula. Nimemwambia hivyo. Akacheka na kuongeza ugali.

La tatu ni la rangi ya machungwa. Bei juu kidogo, picha safi, halipigi kelele. Hilo angalau lina adabu.

Alhamisi, 5 Machi

Nimesoma maoni ya wanunuzi hadi macho yakauma. Mmoja anasema taa inapendeza kwenye bustani. Mwingine anaisifu kwa kumtembeza mbwa. Mbwa. Mwingine ametoa nyota zote na kukiri bado hajafungua pakiti. Hao ndio mashahidi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuta wavu.

Na Kiswahili chao sasa. "Bidhaa hii ina furaha kukuangaza mpendwa mteja." Kama mtu aliyemeza kamusi bila maji.

Ouma alitaka tuchukue ile ya soko la gurudumu. Ya bei ya chini kabisa, nyeusi, nzito, sura ya kopo la mafuta, swichi moja ya kuwasha na kuzima. Nimekataa. Sinunui kitu kwa soko linaloomba omba kama mlevi mbele ya baa. Nimechukua za soko la machungwa. Taa yenye akili, ndivyo walivyoiita. Ina jicho juu, inajua mchana na usiku, inajiwasha yenyewe. Ouma akauliza akili ya nini, kwani omena wamesoma wapi. Nimemwambia amalize chai aende Migori.

Jumapili, 15 Machi

Hakuna kitu. Simu inasema mzigo wangu "unafurahia safari". Wavivu wakubwa. Kanisani watu wananiuliza kama nami nimezungusha gurudumu.

Mwezi umebaki kipande chembamba, unatoka karibu na alfajiri. Mashua nyingine zimeshaanza kwenda. Yangu imelala. Okech amefua nguo zake zote leo, hata lile jaketi la safari. Zimeanikwa mbele ya simba yake, nyumba aliyojijengea hapa hapa bomani. Nimepita hapo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumanne, 17 Machi

Zimefika. Boda ameleta boksi, halijapondeka hata kona. Nilikuwa nimeandaa matusi, nimebaki nayo mdomoni.

Tumeziba dirisha la chumba kwa blanketi, nikaziingiza moja moja kama wagonjwa kwa daktari. Kila moja imewaka yenyewe bila kuguswa. Mwanga mweupe, wa nguvu. Okech amecheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi ujae. Ameliondoa jaketi kwenye kamba, akalirudisha ndani. Nimempigia Ouma simu makusudi, nimwambie tu kwamba zimefika.

Alhamisi, 19 Machi

Wamerudi na ndoo tupu. Giza totoro, ziwa limetulia, omena wamejaa, na mashua yangu imerudi na ndoo tupu.

Okech ameeleza huku anafunga kamba, hanitazami. Taa zilielea kwenye mbao zake kama kawaida, zikawaka vizuri, omena wakakusanyika chini. Mashua ikasogea na wavu, vijana na tochi zao kichwani. Taa ikazima. Omena wakazama. Wakarudi nyuma, taa ikawaka. Wakasogea tena, ikazima. Kila taa hivyo hivyo hadi kukapambazuka.

Mashua za jirani ziliona yote. Ufuo mzima unasema taa za Mama Okech zina haya, zikiona wanaume zinafunga macho. Mjinga gani ametunga hilo sijui. Nimewaandikia wenye soko. Jibu limekuja mara moja: "Tunaelewa hisia zako." Hawaelewi kitu. Wamenipa kuponi ya kununulia taa nyingine.

Ijumaa, 20 Machi

Jana Okech alikaza kila waya, akachaji upya juani. Wameenda. Zimezima tena.

Hajagombana nami. Ningependa agombane. Amekunywa uji, akavaa jaketi, akapanda mashua ya mchana ya Remba pamoja na wawili wa wale vijana. Waliobaki wamejigawa kwenye mashua za watu. Nilisimama ufuoni nikijifanya naangalia bei ya samaki.

Nimelia. Halafu nimepika, nikasahau na kupika ugali wa watu wengi.

Jumamosi, 21 Machi

Ouma amekuja bila kuitwa. Amekaa kwenye kigoda, akaisoma karatasi ya ndani ya boksi, ile ya maandishi madogo ambayo mimi sikujisumbua nayo. Akaanza kucheka. Akaleta taa mbili kwenye kile chumba cha blanketi, akaziweka karibu. Moja ikawaka, nyingine ikakataa.

Ni lile jicho. Likiona mwanga wowote linadhani kumekucha, linazima taa ili kutunza betri. Kwenye bustani ya mzungu, taa moja na mbwa mmoja, sawa kabisa. Kwenye ziwa, mashua ikija na tochi, taa inaamini ni asubuhi. Ndiyo akili yenyewe niliyoilipia zaidi. Lile kopo jeusi la soko la walevi lingewaka tu, kwa sababu halijui lolote.

Nilingoja Ouma aniseme. Hakunisema, na hilo limeniudhi zaidi. Tumekata mpira wa baiskeli, tukaubandika kwa gundi juu ya kila jicho. Sasa taa zinawaka hata zikiangaliana. Kazi ya muda wa kuchemsha chai. Na mwanangu yuko Remba.

Alhamisi, 26 Machi

Okech amepiga simu. Kwanza alizunguka, akauliza kuku, akauliza mvua. Halafu akatoa lililomleta. Yule tajiri wa Remba naye ameagiza taa kwa simu. Zina jicho juu. Nilicheka hadi nikakohoa. Mashua nzima ya watu wa kisiwani imepigwa na ujinga uleule, tena wao walijisifu.

Nimemweleza mpira na gundi. Akauliza kama zetu sasa zinawaka. Nikasema zinawaka. Akasema atakuja mwezi ukijaa, giza lijalo avue na mashua yetu.

Mwezi ukijaa. Baba yake alisema maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo. Nilisema sawa.

Alhamisi, 2 Aprili

Mwezi umejaa. Mashua ziko juu ya mchanga tena. Mashua ya mchana ya Remba imekuja, wameshuka wanawake na magunia ya omena. Nilirudi nyumbani nikafagia simba yake, si kwa sababu yoyote. Wenye soko wameniuliza tena niwape nyota ngapi. Wasubiri.

Taa moja nimeibandua mpira, nikaitundika mlangoni. Mwezi peke yake hauizimi, nimejaribu. Inazimwa na tochi ya mtu tu. Ouma angenicheka, lakini Ouma yuko Migori akizungusha gurudumu. Naandika hapa kizingitini kwa mwanga wa taa hiyo. Mama wa jirani alipita na tochi akienda kufunga mbuzi, taa ikazima, ikawaka tena. Wanasema kuna mashua nyingine ya Remba iliyochelewa kwa upepo. Watu husema mengi.

Imezima.

Mwezi unatosha kuandika. Tochi inapanda kutoka ufuoni, polepole, ya mtu aliyebeba mzigo, na imekata kona kwenye ua wetu. Jaketi nalijua.

Nainuka nikabandike maji ya ugali.