Makinda Wawili, Kiota Kimoja

Jumatatu, 21 Juni 1954
Arubaini ya mwanangu Abdurahman. Nimemtoa nje leo. Wanawake wa Gazi wamekuja na udi, na maneno yao. Mtoto mweupe pe! Mimi mweusi, mume wangu Sefu mweusi kunishinda. Mavyaa, mamake Sefu, akamfunua uso mbele ya wageni, akauliza kama kwetu Jego tuna Waarabu. Wakacheka. Sefu alisikia — akatoka.

Ijumaa, 25 Juni
Sefu karudi kutoka mikokoni anakokata boriti, matope hadi magotini, anacheka! Ameona kiota cha yangeyange, wale wa pwani walio weupe na weusi. Makinda wawili: mmoja rangi ya masizi, mwenziwe mweupe kama pamba. Na wazazi wote wawili ni weusi! "Baba yao mmoja, Mwanaima," akaniambia. Nimelia kwa furaha.

Jumamosi, 26 Juni
Sefu amemweleza mamake habari ya kiota. Mavyaa hata hakuacha kupepeta mchele. Akamuuliza, huyo baba yao alipokwenda kutafuta samaki, wewe ulikuwa pale mtini kumlindia mkewe? Nami jikoni nikaunguza wali.

Alhamisi, 1 Julai
Sefu leo ameacha kazi, amekwenda kukitazama tena kile kiota. Amerudi maji yakijaa. Nikamuuliza, je, yule mweupe wamlisha? Wamlisha, akasema. Sawasawa na mwenziwe, hawambagui.
Basi, mume wangu! nikamwambia.
Akanitazama sana. "Ndege hana majirani, Mwanaima."
Ananiamini. Wallahi, ananiamini. Na haitoshi!

Jumapili, 4 Julai
Naenda Jego kwa wazazi wangu. Sefu asema ni mpaka maneno yapoe. Talaka hakuitamka. Mavyaa ameshakunja mkeka wangu, ameusimamisha mlangoni. Sikumuuliza Sefu atanifuata lini — naogopa asije akanijibu.
Nilipokuwa nafunga nguo, mtoto akalia. Sefu akaingia, akamwinua. Mara ya kwanza tangu azaliwe! Hata shingo ya mtoto hajui kuishika. Amesimama naye uani. Mamake amemwambia neno, hakugeuka.
Lori la nazi limefika, linapiga honi. Mavyaa aniita: haya, Mwanaima, watu wanangoja. Mzigo uko tayari. Nami nimeketi, naandika — Sefu hajanirudishia mtoto.